Miche Themanini na Minne

Siku ile mpumbavu nilikuwa mimi. Nalitanguliza mwenyewe kabla shemeji yangu hajafika, maana akianza kulisimulia yeye ataongeza chumvi mpaka lisilike, na mimi nataka liliwe hivi hivi lilivyo.

Miche themanini na minne ya mchongoma ilikuwa imepangwa kando ya kamba, miembamba, kila mmoja na majani yake machache na miiba iliyokuwa bado laini kama ndevu za mtu anayezianza. Kamba nilikuwa nimeivuta tangu alfajiri, kutoka pembe ya jiko langu hadi nguzo ya kuanikia nguo ya wakwe zangu. Mtaro ulikuwa tayari, kina cha goti, na mimi nilikuwa ndani yake. Shemeji, mdogo wake marehemu mke wangu, alisimama upande wa pili, futi ya kupimia nguo shingoni na mswaki mdomoni.

"Fundi," alisema, "mlango uko wapi?"

"Mlango gani?"

"Wa kupitia."

"Barabara ipo. Iliwekwa ili watu wapite."

Alitema povu la dawa ya meno upande wake, hajavusha kamba hata kidole, akarudi ndani. Huyu ni mtu aliyenijibu neno kwa neno tangu siku ya kwanza nilipofika kwao kujitambulisha, naye bado amevaa sare ya shule, akaniuliza kama viatu nilivyovaa ni vyangu. Siku ile hakujibu. Hilo peke yake lingetosha kunishtua. Sikushtuka. Niliinama nikachukua mche wa kwanza.

Kazi yangu ni kupanda ua. Mteja akija humuuliza swali moja tu: unataka kuzuia macho, miguu, au upepo? Anayezuia macho nampandia mhina, aukate kila mwezi mpaka ushonane. Anayezuia upepo nampandia mivinje, akubali kuishi na mlio wake. Anayezuia miguu nampa mchongoma, na namshauri aweke sindano karibu ya kutolea miiba.

"Na anayetaka kuzuia maneno?" mke wangu aliniuliza siku moja, akichambua mchele.

"Huyo namwelekeza kwa fundi wa kuta."

"Huyo fundi wa kuta ana mke?"

"Anaye."

"Basi naye ameshindwa."

Ndivyo alivyokuwa. Alikuwa akikuchoma huku macho yake yako kwenye sinia la mchele, na wewe ukicheka yeye hacheki.

Ni kazi yenye mambo madogo ambayo ukiyapuuza yanakuja kukuumbua baada ya miezi. Mche wa ua hukatwa kichwa siku ile ile unapopandwa. Wateja huumia, wanaona umewaharibia mali, lakini usipoukata utakimbilia juu na kuacha miguu wazi, na kuku watapita chini wakikucheka. Halafu kuna mfuko. Miche hukuzwa kitaluni ndani ya vile vifuko vyeusi vya nailoni, na kabla hujaushusha mche shimoni lazima ukichane kifuko kwa wembe na kukitoa, mizizi ishike udongo. Hili hata asiyejua kushika jembe analijua. Wakati mmoja nilikuwa na mteja, mwalimu wa hesabu, aliyenunua miche hamsini akaipanda mwenyewe na vifuko vyake, kisha akaja kunigombeza kuwa nimemuuzia miche mibovu. Nilikitembeza kisa hicho miaka tisa. Nilikisimulia harusini, nilikisimulia msibani, nikaigiza mpaka namna mwalimu alivyosukuma miwani yake juu ya pua. Mke wangu alikuwa akijua mahali pa kuingilia. Nikifika kwenye miwani, yeye ndiye anasema, "Na kumbe hesabu anazijua."

Kwangu mwenyewe sikuwa na ua. Kiwanja chetu na cha wakwe zangu vimelala mgongo kwa mgongo, kila kimoja na barabara yake. Watu walikuwa wakinitania kwamba nilioa jirani ili kukwepa nauli. Kutoka mlango wa jiko letu hadi mlango wa jiko la mama yake kulikuwa na kijia cha hatua kumi na nne, kimekanyagwa miaka kumi na moja mpaka kikang'aa kama sakafu. Mke wangu alikuwa akienda huko na kandambili zake na kurudi na za mama yake. Akienda kuomba chumvi, anarudi na habari za mtaa mzima na chumvi ameisahau. Wateja waliponiita fundi wa ua asiye na ua, nilimpelekea yeye shauri hilo. "Ua wa nini?" alisema. "Unamzuia nani, mama yangu?"

Nikaacha.

Aliugua wiki tatu. Mwisho wa wiki ya tatu, asubuhi, muuguzi alinikuta kwenye benchi la varanda ya hospitali, akanikabidhi mfuko wa plastiki uliofungwa fundo, akaniomba nihakikishe vilivyomo. Niliushika kwa nje tu. Kandambili, kitana, kitambaa cha kichwa, kitu kigumu ambacho nadhani kilikuwa kipande cha sabuni. Nikasema vimetimia. Nyumbani niliutundika kwenye msumari nyuma ya mlango wa chumbani, ukabaki hapo na fundo lake.

Sikulia. Sijisifu wala sijitetei. Kama umewahi kudungwa ganzi ya kung'oa jino unaijua hali ile: unajishika mdomo na unahisi umeshika mdomo wa mtu mwingine. Basi mimi ganzi ilinishika mwili mzima. Watu waliokuja kunipa pole niliwatania kama kawaida yangu. Mmoja nilimwambia kwamba suruali yake imefiwa kabla yangu. Walitoka wakiambiana kwamba nimejikaza kiume. Nilikuwa sijikazi. Hapakuwa na kitu cha kukikaza.

Tangu siku iliyofuata mazishi mama mkwe alianza kuniletea chakula. Saa saba mchana, kwenye kijia, bakuli la bati lenye kifuniko limefungwa kwa kitambaa. Magoti yake yalikuwa mabaya, hatua kumi na nne kwake zilikuwa kama ishirini, lakini chakula kilifika na moshi. Alikuwa akiketi juu ya debe lililofudikizwa kando ya mlango, mimi nikila au nisipokula, kisha anachukua bakuli la jana na kurudi. Kila siku niliutazama upindo wa gauni lake ukipotea mlangoni kwake, na kila siku wazo moja lilinijia, baridi kabisa, halina hata uchungu.

Sisi hatukujaaliwa mtoto. Mimi na nyumba ile tulikuwa tumeunganishwa na mtu mmoja, na mtu huyo hayupo. Mtaani kwetu nilikuwa nimemwona seremala mmoja aliyefiwa na mke bila mtoto. Salamu za wakwe zake zilianza ndefu, zikawa fupi, zikawa kutikisa kichwa, mwisho wakawa wakikutana kila mtu anakohoa. Hakuna aliyemkosea mwenzake. Ukwe wao uliisha wenyewe, kama mshumaa. Nami nikajiambia nisingoje kuisha. Nitafunga mimi, mapema, na wao wapumzike.

Wiki ya tano baada ya mazishi nikaenda kitaluni.

Mwenye kitalu tunamwita Daktari, kwa sababu hakuuzii mche kabla ya kukuhoji unakoupeleka. Alinifuata akitembea kati ya safu, mikono nyuma.

"Safari hii mteja gani?"

"Mteja mgumu."

"Anazuia nini?"

"Miguu."

"Ng'ombe?"

"Watu."

"Wezi hao."

"Hapana," nikasema. "Si wezi."

Alisimama. Mbele yetu kulikuwa na mihina mizuri, majani mabichi yaliyoshikana, na pembeni yake minyaa ambayo mtu mvivu huikata na kuichomeka tu. Daktari aliinua mhina mmoja akanigeuzia nione mizizi ilivyoanza kutokeza chini ya kifuko. "Watu ambao si wezi," akasema, "huu unawatosha. Hauwakatai, unawaambia tu wabishe hodi."

"Nipe mchongoma."

"Mchongoma ukishakua huung'oi. Utakuja na tingatinga."

"Ndiyo maana nautaka."

Alinitazama kwa namna ambayo madaktari wa kweli humtazama mgonjwa anayejiandikia dawa. Kisha akaanza kuhesabu miche, na kwa mara ya kwanza tangu tujuane hakunishindilia mmoja wa ziada wenye jani bovu.

Kwa hiyo asubuhi ile, shemeji alipokwisha kutema povu lake, nilipanda. Nilipanda vizuri, kama mikono ilivyozoea, safu mbili zilizopishana ili mche wa nyuma uchungulie katikati ya wawili wa mbele. Shubiri mbili toka mche hadi mche. Samadi chini, udongo juu ya samadi, mche, udongo, kisigino. Nilikata vichwa vyote themanini na vinne kwa makasi ya miti, na kila kichwa kilipoanguka nilikisukuma kando kwa mguu. Nilipofika kwenye kijia jembe lilidunda. Ilibidi nichukue sululu. Ardhi ile ilikuwa imeshikana kuliko sehemu nyingine yoyote ya uwanja, na nilipoivunja ilitoka kwa mabamba, mabamba yenye uso mlaini kabisa upande wa juu. Niliyapanga kando. Sikufikiri kitu. Nilipanda miche minane mahali pale na nikaendelea.

Jioni nilipovua shati nilikuta wembe mfukoni, mpya, bado umo ndani ya karatasi yake. Niliutazama. Niliuweka juu ya kabati, nikalala.

Kesho yake, saa saba, mama hakuja. Nikasema moyoni, basi, imekwisha, na ilikuwa rahisi. Saa saba na robo nikasikia hodi upande wa barabarani.

Alikuwa amezunguka. Kutoka kwao unatoka kwa mlango wa mbele, unapita karakana ya seremala yule yule niliyemtaja, unapita banda la mkaa, unakata kona, unarudi nyuma nyumba sita. Alikuwa amesimama pale ameshika bakuli kwa mikono miwili, jasho limemlowesha shingoni. Nikampokea. Alikaa juu ya debe. Kifuniko nilipokifunua hakikutoa moshi.

Alikuja hivyo siku iliyofuata, na iliyofuata.

Ua wenyewe, ili mnielewe, haukufika hata gotini. Kuku aliyezeeka angeuruka. Siku moja nikiwa jikoni nilimsikia shemeji akimwambia mama yake, upande wa pili, sauti juu ili na mimi nipate, "Mama, si unyanyue mguu tu upite? Vijiti vile? Hata kifundo cha mguu havikufikii."

Na mama akasema, "Mwenyewe amefunga."

Basi. Saa saba na robo alikuwa barabarani kwangu na bakuli.

Mvua zikaja. Mtaa mzima ulilipuka majani. Nguzo za uzio wa seremala, miti mikavu aliyoichimbia mwaka uliotangulia, zilichipua. Kwangu, michongoma themanini na minne ilisimama kama nilivyoiacha. Haikunyauka, haikuchipua. Majani yale yale machache, vichwa vile vile vilivyokatwa. Wateja walipita wakauliza, nikawajibu kwamba huo ni ua wa adabu, unangoja kuambiwa. Mwezi wa kwanza, wa pili, wa tatu. Kila asubuhi niliutazama nikipiga mswaki na, niseme kweli, ulinifaa. Tulikuwa tunaelewana.

Mwezi wa nne ulivuma upepo mchana mmoja, ukaling'oa gauni la mteja wa shemeji kwenye kamba ya nguo, gauni jipya lenye marinda ambalo alikuwa amelikeshea, na kulitupa juu ya ua wangu. Nilikuwa nimekaa mlangoni nanoa jembe. Nilimwona akitoka mbio, mkasi ungali mkononi. Mkasi huo nao una historia yake. Ni wa kukatia vitambaa tu, na wakati mmoja nilipokata kipande cha kamba nao hakusema nami siku nne. Alivuta gauni taratibu, kidole kwa kidole. Mwiba mmoja ukakatalia. Akavuta mche.

Mche ukatoka wote, kama kizibo.

Aliuinua. Udongo ulipukutika ukabaki mfuko mweusi wa nailoni, mzima, haujachubuka, umejaa mizizi iliyojizungusha humo ndani mara kumi, mara ishirini, ikitafuta pa kutokea. Mizizi ya miezi minne kwenye nafasi ya kikombe.

"Fundi," aliita. "Njoo umwone mwalimu."

Nikaenda. Alianza kucheka, na alikuwa na haki. Alijisukumia miwani ya hewani juu ya pua, jinsi nilivyokuwa nikifanya mimi. Akafika pale ambapo huja yale maneno, "Na kumbe hesabu anazijua," na mdomo ukamfunguka kuyasema, na hakuyasema. Tulisimama kila mtu upande wake. Mimi nilikuwa nautazama mfuko ule na nilikuwa naona msumari nyuma ya mlango.

"Yote?" aliuliza.

Nikang'oa wa pili. Mfuko. Wa tatu. Mfuko.

"Yote," nikasema.

Nilichukua jembe nikaanza kuufukua mtaro upya, kutoka pembe ya jiko, bila haraka, nikitupa miche nyuma yangu. Sikuwa na hasira. Shemeji alilitundika gauni, akarudi, akachuchumaa kwenye ukingo.

"Usiitupe. Bado mizima. Chana mifuko, irudishe, acha pale pa kupita."

"Naing'oa. Nitaleta mingine."

"Ya nini?"

"Ya kufunga."

"Unamfungia nani, shemeji? Mama ana miezi minne anazunguka na magoti yale. Jana alipumzika mara mbili, mara moja kwa seremala na mara moja kwa watu wa mkaa. Unalijua hilo?"

"Sikumtuma."

Aliokota mche mmoja kati ya niliyotupa. Akautazama, akautazama mkasi wake. Kisha akauingiza ule mkasi wa vitambaa kwenye nailoni yenye tope na kuichana toka juu hadi chini, na mizizi ikalegea kidogo, polepole, kama mtu anayevua kiatu kinachombana. Akauweka kando. Akachukua mwingine.

"Acha," nikamwambia.

Hakuacha.

Nilikuwa nimefika kwenye kijia. Nilikuwa ndani ya mtaro mpaka magotini, jembe mkononi, na maneno yakanitoka, kwa sauti ile ile ninayotaniana nayo na wateja, maana sikuwa na nyingine. Nikamwambia shemeji, tusizungukane. Mimi na nyinyi tulishonwa na uzi mmoja, wewe fundi wa nguo unajua uzi ukikatika kinachofuata. Mtoto sina kwenu. Damu sina kwenu. Leo mnaniletea bakuli, kesho mtaniletea salamu, kesho kutwa tutakohoa. Hamtakuwa mmekosea. Basi mimi nimewarahisishia. Kwenu mimi sasa ni nani? Niambie, ni nani? Mume wa marehemu. Hiyo si kazi ya mtu.

Mkasi ulikuwa umenyamaza. Shemeji hakuwa ananitazama mimi, alikuwa anatazama nyuma yangu.

Nikageuka. Saa saba na robo ilikuwa imefika. Mama alikuwa ameingia kwa mlango wa barabarani, na kwa jinsi alivyosimama alikuwa amesimama pale muda. Bakuli lilikuwa mikononi mwake, kitambaa kimefungwa fundo. Alilitua juu ya debe. Akaupangusa uso kwa kiganja, akanitazama kuanzia kichwani hadi pale ambapo udongo ulinimeza miguu.

"Mimi siku ile nilizika mtoto mmoja, si wawili," akasema. "Toka humo shimoni, chakula kinazidi kupoa."